Jirani akivamiwa, sisi tunaambiwa lini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kibandani kwangu Mwanjelwa napima mchele, mteja mwenyewe hata simkumbuki maana masikio yote yalikuwa kwenye ubishi uliokuwa unaendelea kwenye benchi la muuza kahawa. Kijana mmoja wa bodaboda, yule aliyebandika picha ya Kapteni Traoré wa Burkina Faso kwenye tenki la pikipiki, alikuwa anawaambia wenzake kwamba wale jamaa wa Sahel ndo wanaume, wametia saini kwamba ukimgusa mmoja umewagusa wote watatu, na sisi huku tumekalia vikao tu. Mmoja akamjibu kila nchi ilinde kwake, yatuhusu nini. Mwingine akadakia, Kongo si tulipeleka vijana wetu, wengine wamerudi kwenye majeneza, tumepata nini?

Pale benchini kuna mzee wetu mmoja huwa anakunywa kahawa yake kimya kabisa. Alikwenda vita ya Kagera, ile ya Amin wa Uganda, mwaka 1978 akiwa mgambo, aliondoka hapa Mbeya akiwa kijana ambaye hajaoa. Siku hiyo akachovya kidole kwenye kikombe cha kahawa akaanza kuchora juu ya benchi, akachora mto unavyokata kona, akaweka nukta, hapa Kyaka, daraja lilikuwa hapa wakalilipua, akaweka nukta nyingine juu, hapa Mutukula. Kahawa ikawa inakauka kwenye mbao na yeye anachora tena juu yake. Akasema, "Wanangu, sisi hatukwenda peke yetu. Walikuja Wamsumbiji. Nchi yao ina miaka mitatu tu tangu wapate uhuru, na Smith wa Rhodesia anawapiga huku kwao, na bado wakaleta kikosi." Wale vijana wote wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa anajua. Na mimi mwenyewe, na umri wangu huu, nilikuwa sijui.

Nimekaa na hilo jambo wiki nzima ndo maana naandika.

Niseme mapema msimamo wangu ili nisizunguke. Mimi naamini kabisa nchi jirani zinatakiwa kulindana, na naamini watu wa huku kwetu wakielezwa hawakatai. Kinachowafanya watu waseme "si vita yetu" ni kwamba hawaambiwi. Tunasikia kutoka redio za nje, tunasikia kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu siku ya msiba ndo tunapata taarifa rasmi. Sasa hapo unategemea mtu aunge mkono nini?

Tuanze na hao wa Sahel maana vijana wanawapenda na mi siwalaumu. Mali, Burkina Faso na Niger walisaini mkataba wao tarehe 16 Septemba 2023, chini ya miezi miwili baada ya mapinduzi ya Niger, wakati ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, inatishia kuingia Niger kijeshi kumrudisha rais aliyepinduliwa. Wakaandikiana kwamba shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote. Januari 2025 wakatangaza jeshi la pamoja la watu 5,000, na mwezi huohuo wakatoka rasmi ECOWAS. Kijana wangu wa bodaboda anayajua haya yote kwa tarehe. Lakini nilipomuuliza kama anajua kwamba na sisi Tanzania tuna mkataba wa namna hiyohiyo, na tena ulisainiwa Dar es Salaam, akanitazama kama namtania. Mkataba wa SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, wa kulindana ulisainiwa Agosti 2003, hapo hapo Dar, na ndani yake kuna kipengele kwamba nchi mwanachama mmoja akishambuliwa hilo ni tishio kwa amani ya kanda nzima na litajibiwa kwa pamoja. Miaka zaidi ya ishirini. Kijana anajua ya Bamako na hajui ya Dar es Salaam, na hilo si kosa lake hata kidogo, nani amemwambia?

Huko Ulaya nako nimeona mfano ambao unanigusa. Finland walikaa miaka na miaka nje ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, wananchi wengi hawataki, wanasema tusimchokoze Mrusi, tuna mpaka naye mrefu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mawazo ya watu yakageuka ndani ya wiki chache, na Mei mwaka huohuo bunge lao likapiga kura, 188 wakakubali, 8 wakakataa. Ninachokitazama mimi hapo wala si NATO yenyewe, ni ile kura. Mtu alisimama akasema nakubali, mwingine akasema nakataa, na majina yao yanajulikana. Wananchi walibadilika na wabunge wao wakawafuata mchana kweupe.

Sasa turudi nyumbani.

Mimi baba yangu ni Mhehe wa kule upande wa Kalenga na mama yangu ni Msangu wa Rujewa, kwa hiyo hii habari ya majirani kulindana au kutolindana mi nimeisikia mezani tangu mtoto. Baba akianza habari za Mkwawa, jinsi alivyowapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, akamuua kamanda wao Zelewski na kuchukua bunduki karibu mia tatu, mama alikuwa anaendelea kuchambua mchele wake tu halafu anasema, "Na Merere je?" Baba ananyamaza. Kwa sababu Wahehe ndo waliowafukuza Wasangu kwenye nchi yao, Merere, mtawala wao, akakimbilia na watu wake huku Utengule Usongwe, hapa karibu na Mbalizi, wakaishi ndani ya boma la ukimbizi miaka mingi. Mjerumani alipokuja kumtafuta Mkwawa, Merere akaona huyu ndo wa kunirudishia nchi yangu, akawa upande wake. Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, Wasangu wakarudishwa Usangu miaka hiyohiyo, na Mkwawa akajimaliza Julai 1898 ameshabaki na watu wachache sana porini.

Mama hakuwahi kusema Merere alikosea. Alikuwa anasema mtu aliyekunyang'anya shamba huwezi kumlinda. Na baba, nampa haki yake marehemu, uzeeni aliwahi kukubali kwamba Wahehe walivuna walichopanda. Halafu ilipokuja Maji Maji mwaka 1905, Wangoni wamesimama, Wabena wamesimama, askari wa Kihehe walikuwa upande wa Mjerumani na Wasangu vilevile. Wangoni wakaja kunyongwa kule Songea Februari 1906, na njaa iliyofuata kusini yote sihitaji kuisimulia. Kila kabila lilikuwa na sababu yake na kila sababu ukiisikiliza ina maana. Matokeo yake wote tukatawaliwa, aliyepigana na asiyepigana.

Nimeleta haya kwa sababu watu wanaongea kana kwamba kulindana ni suala la karatasi. Hapana. Kabla hujaniambia nikamlinde jirani, kwanza kuna yale mambo yetu mimi na yeye. Mfano Malawi. Askari wa Tanzania na askari wa Malawi walikuwa pamoja mashariki ya Kongo, chini ya SADC, tangu kikosi kile kilipoanza kwenda Desemba 2023, Waafrika Kusini nao wamo. Wamelala kambi moja, wamekufa pamoja. Hapo hapo huku Kyela, ukishuka Matema ukamuuliza mvuvi Ziwa Nyasa ni la nani, atakuambia ugomvi haujaisha, Malawi wanasema ziwa lote mpaka ufukweni kwetu ni lao kwa mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa mwaka 1890, sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 ilipopamba moto ile ishu ya kutafuta mafuta ziwani, Kyela watu walikuwa wanaulizana kabisa kama vita inakuja. Wakaletwa marais wastaafu, Chissano wa Msumbiji akiwemo, kusuluhisha, na mpaka leo mpaka haujachorwa kwa kukubaliana.

Na mwanzoni mwa 2025 tena, Malawi wamezuia baadhi ya mazao yasiingie kwao, mchele umo, ndizi zimo, Aprili na sisi tukajibu kwa kuzuia mazao yao, ndo baadaye mambo yakalegezwa. Mi nauza mchele kwa hiyo nilifuatilia kwa karibu mno, wenzangu wa ndizi kule Rungwe wao ndo walilia zaidi maana ndizi haisubiri. Sasa fikiria ni mwezi uleule, Aprili mwishoni, ambapo askari wa hizi nchi walikuwa wanapanda magari pamoja kuondoka Kongo kupitia Rwanda kuja Chato. Mpakani Kasumulu tunanyimana ndizi, huko Goma, Kongo, tunazikana. Mtu wa kawaida akiona hivyo anashindwa ajiweke wapi, na mimi simshangai.

Hii ya Kongo ndo iliyoharibu kabisa mawazo ya watu, na lazima niiseme vizuri. Mwaka 2013 mambo yalikuwa tofauti. Ile brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa, ilisaidia jeshi la Kongo kuwatoa waasi wa M23 na kufikia Novemba wakawa wameshindwa. Huku watu walitembea kifua mbele! Jina lenyewe ukilisikia unajua ni la wapi, watu wa Rungwe na Kyela walikuwa wanalitamka kama vile ni ndugu yao wa damu. Halafu Desemba 2017 wakauawa vijana wetu kule Semuliki, zaidi ya kumi usiku mmoja, nchi nzima ikalia. Halafu M23 wakarudi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapeleka jeshi lake mwishoni mwa 2022, likakaa mwaka mmoja, Kongo wenyewe wakasema halitusaidii, likaondoka Desemba 2023. Likaingia la SADC. Januari 2025 Goma ikaanguka, Waafrika Kusini 14 wakafa, Wamalawi wakafa, na jeshi letu likatangaza askari wetu wawili wamefariki na wengine kujeruhiwa. Machi 13 viongozi wakakaa kwa njia ya mtandao wakaamua kikosi kiondoke.

Na shida kubwa ya ile vita ni kwamba Kongo na Rwanda wote wamo ndani ya Jumuiya moja, yetu hii hii. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda wanawasaidia M23, Rwanda wanakataa. Sasa mikataba ya kulindana imeandikwa kumfikiria adui anayetoka nje ya uzio. Ukiambiwa adui yuko chumba cha pili, mkataba unasemaje? Februari 2025 SADC na Afrika Mashariki walikutana pamoja Dar es Salaam kwa ajili ya hilo hilo. Hapo kijiweni hakuna aliyenieleza walikubaliana nini, na hapo ndipo narudi kwenye hoja yangu.

Tofauti na Msumbiji. Msumbiji watu wa kusini wanaielewa bila kuchorewa ramani. Oktoba 2020 wale magaidi wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Hapo hakuna aliyeuliza yatuhusu nini. SADC ilipopeleka kikosi Julai 2021 na sisi tukiwemo, Rwanda nao wametangulia kwa makubaliano yao na Maputo, sikusikia mtu hata mmoja sokoni hapa analalamika. Kikosi cha SADC kiliondoka Julai 2024, Rwanda wakabaki, na hapo ndo nilianza kusikia maswali, mbona kikosi cha majirani wa SADC kinaondoka na anabaki wa mbali? Swali zuri. Anayelijibu simwoni.

Na huku kwetu nyanda za juu, tulishakula na kulipa kwa ajili ya kulindana na majirani muda mrefu sana, tumesahau tu. Baba yangu mdogo alifanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pale Iyunga. Reli yenyewe ilijengwa kwa nini? Smith alijitangazia uhuru Rhodesia mwaka 1965, Zambia ikawa imefungiwa, shaba haina pa kupita ila kwa watu wanaowatawala wenzao. Likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, reli ikafuata, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa Julai 1976. Mwaka 1979 makomando wa Rhodesia wakaingia Zambia wakalipua daraja la reli la Chambeshi. Baba mdogo anasema mabehewa ya Zambia yalipangana pale Iyunga, wao wanakuja kazini asubuhi wanafagia jukwaa, wanakaa. Anakumbuka Mzambia mmoja, fundi, aliyekwama huku hana njia ya kwenda kwao, wakawa wanakula naye nyumbani. Hakuna mtu Mbeya aliyesema hiyo ni vita ya Wazambia. Na ndo wakati huohuo tunatoka Uganda, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, Mwalimu ametuomba tufunge mkanda miezi 18, na wote tunajua ile miezi ilikuwa mirefu kuliko alivyosema.

Nilimuuliza yule mzee wa kahawa, ilikuwaje watu wakakubali? Mbona hamkuandamana? Akaniambia, "Mwanangu, tuliambiwa. Mwalimu alisema redioni nani kaingia, kaingia wapi, kafanya nini, na sisi tunakwenda kufanya nini. Mama yangu hajui kusoma lakini alijua Amin ameingia Kagera." Kwamba sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Yale maneno kila mtu anayarudia leo kama kibwagizo, ila ukiyatazama vizuri yalikuwa ni maelezo kwa wananchi.

Na tukumbuke pia tulivyotendewa. Kikao cha OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, pale Monrovia Julai 1979, badala ya kupongezwa, Tanzania ilisemwa, na Gaddafi alikuwa amempelekea Amin askari wake kabisa kupigana na sisi. Waliokuwa na sisi walikuwa wachache, Msumbiji wakiwemo. Mi naona deni lile tumelilipa Cabo Delgado na sijutii hata shilingi.

Katiba yetu ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita, nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika na ndani ya siku kumi na nne Bunge linakutana kuangalia. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Vizuri. Ila kupeleka kikosi chini ya kanda au Umoja wa Mataifa si kutangaza vita, kwa hiyo inaweza ikapita miaka mwananchi wa Mbarali hajasikia mjadala wowote kwa lugha anayoielewa. Sisemi watutajie idadi ya bunduki wala askari wako kilima gani, siri za jeshi zibaki za jeshi. Nataka nijue tunamlinda nani, dhidi ya nani, kwa muda gani, na nini kikitokea tunarudi. Mambo manne. Mbunge anaweza kuja kutuambia hata kwenye mkutano wa kata, atukute na madumu yetu.

Kuna mama mmoja namnunulia mchele, yuko kijijini huko chini, mwanae ni askari na alikuwa Kongo. Nilimfuata Februari ile, Goma ndo imeanguka. Nyumba yake mtandao unashika sehemu moja tu, dirishani, kwa hiyo simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ameitundika msumarini hapo. Siku tatu hajaitoa, hata kuichaji ameivutia waya mpaka pale. Tulikuwa tunapima magunia, kila gari ikipita barabarani anageuka kuangalia dirisha badala ya barabara. Mimi nilikuwa nimeshaona kwenye simu yangu kwamba wawili wamefariki, majina sijayaona, na nikashindwa kumwambia. Tukapima gunia la nne, la tano. La sita akasema, "We unajua kitu, mbona huongei?" Nikamwambia. Hakulia. Akauliza, "Wametokea wapi?" Nikasema sijui, mama. Akauliza, "Sasa wanapigana na nani?" Nikaanza kumweleza M23, Rwanda, Kongo, Umoja wa Mataifa, nikajisikia navuruga, akaniambia basi, tuendelee kupima.

Mwanae alirudi salama mwezi wa tano. Nilimkuta nyumbani amekaa uani anamenya mahindi na wadogo zake, anawachekesha. Sikumuuliza chochote. Mama yake ndo nilimuuliza, tukiwa wawili, kama angekubali aende tena nchi jirani ikiingiliwa. Akafunga mdomo wa gunia kwanza, akakaza kamba, akasema: "Mimi sijawahi kukataa. Ila safari hii waje waniulize. Mi nipo hapa hapa."